Dar Ikitikisika, Nini Kitaanguka Kwanza?

Kila linapotokea tetemeko la ardhi, swali la kwanza mtaani ni moja: lilikuwa la ngapi? Redio zinataja namba, watu wanatumiana namba hiyo kwenye simu, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam namba hiyo peke yake haimwambii mengi.

Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyorekodiwa Afrika katika karne ya 20. Liliikuta nchi yenye watu wachache na nyumba nyepesi za miti na nyasi, na leo Watanzania wengi hawajui hata kama liliwahi kutokea. Miaka 50 baadaye, Februari 29, 1960, mji wa Agadir nchini Moroko ulitikiswa na tetemeko ambalo ukubwa wake haukufika 6. Watu wapatao 12,000 walikufa, karibu theluthi moja ya wakazi. Na sisi wenyewe, usiku wa Agosti 12, 2020, saa mbili na dakika kadhaa, tulipata letu: ukubwa wa karibu 6, kitovu chake baharini kusini-mashariki mwa jiji. Ghorofa zilitikisika, watu wakateremka ngazi wakiwa na kanga na taulo, wakasimama barabarani wakipigiana simu. Hakuna kifo kilichoripotiwa.

Kwa nguvu iliyotoka ardhini, tetemeko la Rukwa lilizidi la Agadir kwa zaidi ya mara 200, kwa sababu kila namba moja ikiongezeka kwenye kipimo, nguvu inayotoka huongezeka karibu mara 32. Lakini la Agadir lilitokea kwenye kina kifupi, chini kabisa ya mji, na nyumba za mji huo hazikuwa na uwezo wa kuvumilia msukumo wa pembeni. La Dar lilitokea mbali kidogo, baharini. Umbali, udongo na nyumba ndivyo vinavyoamua nani atalala salama. Tukitaka kujua tetemeko kubwa lingeifanya nini Dar es Salaam, tuufuate mtikisiko kuanzia unakotoka hadi kwenye nguzo ya ghorofa, bomba la maji na wodi ya hospitali.

Lingetoka wapi?

Shuleni tulifundishwa kwamba Bonde la Ufa lina mikono miwili. Wa magharibi unapita Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Wa mashariki unapita Natron na Manyara. Dar iko mbali na yote miwili, na ndiyo maana wengi wetu tunahesabu matetemeko kuwa habari za Kagera, Mbeya au Arusha. Kinachosahaulika ni kwamba bara hili linaachana taratibu, milimita chache kwa mwaka, na mpasuko huo haukuishia nchi kavu. Chini ya Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Tanzania na Msumbiji, kuna nyufa nyingine zinazofuata kile wanajiolojia wanachokiita Mgongo wa Davie. Tetemeko la 2020 lilitukumbusha kwamba nyufa za baharini hazijalala.

Je, nyufa hizo zinaweza kutoa tetemeko la 7? Nchi jirani limeshatokea: Februari 2006, Machaze katikati ya Msumbiji, kulipigwa tetemeko la ukubwa wa 7.0 katika eneo ambalo watu wachache walilihesabu kuwa la hatari. Hakuna mtaalamu anayeweza kutaja siku wala mwaka. Anayekutumia ujumbe wa simu kwamba "leo usiku saa sita litapiga" anakudanganya, hata akiweka jina la taasisi gani chini yake. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kwa Dar tetemeko kubwa ni jambo la nadra, na nadra si sawa na haiwezekani.

Mtikisiko wenyewe huja kwa awamu. Wimbi la kwanza husafiri takribani kilomita 6 kwa sekunde, nalo hugonga kama kishindo kifupi. La pili, linalotikisa kwa pembeni na kuharibu zaidi, huenda karibu kilomita 3.5 kwa sekunde. Kitovu kikiwa kilomita 80 kutoka Posta, kati ya kishindo na mtikisiko mkubwa kuna kama sekunde 10. Ukihesabu sekunde hizo na kuzizidisha kwa 8, unapata makadirio ya umbali wa kitovu kwa kilomita. Sekunde 10 zinatosha kuingia chini ya meza imara. Hazitoshi kushuka kutoka ghorofa ya saba, na anayejaribu anakutwa na wimbi la pili akiwa kwenye ngazi, sehemu ambayo huvunjika mapema katika majengo mengi.

Mchanga, tope na matumbawe

Ramani ya mitaa ya Dar inadanganya kidogo, kwa sababu inaonyesha jiji moja. Ardhini kuna miji kadhaa. Oysterbay na sehemu za Msasani na Kunduchi zimekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale iliyoinuka kutoka baharini. Ukielekea Pugu unapanda vilima vya mawe ya mchanga yenye udongo mweupe wa kaolini. Katikati, eneo kubwa ni mchanga, pengine umechanganyika na mfinyanzi, na maji ya ardhini hayako mbali. Kisha kuna mabonde: Msimbazi na vijito vyake, Kizinga, Mzinga, na mikono ya bahari inayoingia hadi Kurasini na Mtoni. Humo mvua za maelfu ya miaka zimelaza tope na mchanga laini.

Mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye udongo laini, hupunguza mwendo na kukua. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja, moja Oysterbay na nyingine Jangwani, zingeonja matetemeko mawili tofauti. Mexico City ililipa gharama ya somo hili Septemba 19, 1985. Kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya ziwa lililokaushwa. Tope la ziwa hilo liliyakuza mawimbi yaliyorudi kila baada ya sekunde mbili hivi, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yakaanguka kwa wingi huku mengine mafupi jirani yake yakibaki wima.

Kwa nini hayo na si mengine? Kila jengo lina mdundo wake. Kwa hesabu ya haraka ya wahandisi, kila ghorofa huongeza sehemu ya kumi ya sekunde: nyumba ya chini huenda na kurudi haraka sana, jengo la ghorofa kumi huchukua karibu sekunde nzima. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa wakati wake anapaa, ukimsukuma ovyo anakwama. Ardhi ikitikisika kwa mdundo unaofanana na wa jengo, kila msukumo unaongeza uliotangulia. Majengo ya Kariakoo, Upanga na Ilala yana ghorofa kuanzia nne hadi kumi na kitu, na mengi yako hatua chache kutoka bonde la Msimbazi. Hapa ndipo penye swali ambalo ningependa kulisikia kwenye vikao vya vibali vya ujenzi: udongo wa kiwanja hiki unatikisika kwa mdundo gani?

Lipo na jambo la pili, baya zaidi. Simama ufukweni pale maji yanapoishia, kwenye mchanga ulioloa, kisha ukanyagekanyage haraka mahali pamoja. Baada ya muda maji yanapanda, mchanga unalegea na mguu unazama. Tetemeko hufanya hivyo kwa mtaa mzima. Chembe za mchanga uliojaa maji hupoteza kushikana, na ardhi iliyobeba nyumba kwa miaka 30 hugeuka uji kwa dakika moja. Nyumba huzama au kulala upande bila ukuta kupasuka, wakati matangi matupu na makaro ya chini ya ardhi huelea na kuchomoza juu. Christchurch, New Zealand, Februari 22, 2011, mitaa mizima ilifunikwa na mchanga na tope la kijivu lililotoka chini ya nyumba. Kwa Dar, mahali pa kwanza pa kuogopa ni sakafu ya Msimbazi, kingo za mikono ya bahari na maeneo yaliyojazwa kifusi ili yajengwe. Serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa bonde hilo kwa sababu ya mafuriko. Sababu ya tetemeko haitajwi, lakini ardhi ni ileile.

Ghorofa juu ya fremu

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Wengi wao wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa, katika nyumba za chini za tofali za simenti na paa la bati. Nyumba hizi zina sifa moja nzuri: bati ni jepesi. Paa likianguka linakata na kuumiza, lakini halimfukii mtu kama slabu. Udhaifu wake uko ukutani. Tofali nyingi za mtaani zimefyatuliwa kwa mchanga mwingi na simenti kidogo, mfuko mmoja ukilazimishwa kutoa tofali nyingi kuliko unavyoweza, na kuta hazijafungwa pamoja juu kwa mkanda wa zege. Ukuta usio na mkanda husimama kwa uzito wake tu. Ukisukumwa kwa pembeni, pembe zinaachana kwanza, kisha ukuta wa mbele unalala nje wote kwa pamoja.

Bukoba ilituonyesha picha hiyo. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera mchana, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba kwa mamia, nyingi za tofali zisizo na nondo. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Ilikuwa Jumamosi, na madarasa mengi ya shule za kutwa hayakuwa na watu. Lingepiga Ijumaa saa nne asubuhi, hesabu ya marehemu ingekuwa nyingine.

Lakini ningeulizwa ni jengo gani la Dar linaninyima usingizi, nisingetaja kibanda cha Manzese. Ningetaja ghorofa ya kawaida ya biashara: chini fremu za maduka zilizo wazi mbele, juu vyumba vilivyojaa kuta. Ghorofa za juu ni ngumu kwa sababu kuta zake za tofali zinasaidia kushika. Ya chini imebaki na nguzo tupu, maana mwenye duka anataka mlango mpana na mteja aone bidhaa. Ardhi ikisogea, sehemu yote ya juu inakwenda kama kitu kimoja na mzigo wote wa kupinda unaziangukia nguzo za chini. Zikishindwa, ghorofa ya kwanza inakaa juu ya wanunuzi.

Kama nguzo itashindwa au la, jibu liko kwenye vitu vidogo ambavyo mnunuzi wa jengo havioni. Ringi, zile pete za nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu, katika nchi za matetemeko hubanwa karibukaribu kwenye miisho ya nguzo, kila sentimita 10 hivi au pungufu, na mikia yake hukunjwa kuingia ndani ya zege. Kwenye saiti nyingi zetu ringi huachwa mbali na zenzake, kwa nafasi ileile toka chini hadi juu, na mikia hukunjwa pembe ya kawaida tu. Jengo likiwa limetulia, huwezi kuona tofauti. Likitikiswa, zege la nje linabanduka, mikia inafunguka, nondo kuu zinapinda, na nguzo iliyobeba tani mia inageuka kokoto. Zege lenyewe nalo lina mambo yake: mchanga wenye chumvi, maji yaliyozidishwa ili limwagike kwa urahisi, siku za kumwagilia zilizorukwa kwa sababu mwenye jengo ana haraka.

Si haki kumbebesha fundi lawama zote. Kanuni ambazo vizazi vya wahandisi wetu walifundishwa, hasa BS 8110 ya Uingereza, hazikuandikwa kwa ajili ya tetemeko. Ziliandikwa katika nchi isiyo na matetemeko makubwa. Kanuni za Ulaya za kisasa zina sehemu nzima inayohusu matetemeko, na mhandisi wa Dar anaweza kuitumia, lakini mteja lazima akubali gharama, na mteja haoni kwa nini alipie kitu ambacho babu yake hakukiona.

Tena Dar haihitaji tetemeko ili ghorofa ianguke. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo likaanguka asubuhi, wafanyabiashara wakiwa ndani, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Hakuna ardhi iliyotikisika siku hizo. Majengo yanayoshindwa kubeba uzito wake mwenyewe yako kwenye foleni moja na mengine yanayosimama kwa bahati, na tetemeko ni mkaguzi anayepita kwenye foleni nzima siku moja.

Juu ya majengo hayo tumeweka simtanki. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, zimekaa juu kabisa, mara nyingi bila kufungwa na chochote. Katika mtikisiko wa wastani ambao jengo lenyewe linauvumilia, matangi, vioo vya mbele, matofali ya urembo ya ukingoni na mabango ndivyo vitakavyoanguka, tena kwenye njia ambayo watu watakuwa wanakimbilia. Kwa hiyo jibu fupi la swali la kichwa cha makala hii ni hilo: vitaanza kuanguka vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu kuwa sehemu ya jengo.

Saa ya kwanza

Saa ya tetemeko ina uzito wake. Saa mbili usiku, kama 2020, majiko yanawaka: mkaa uani, mitungi ya gesi jikoni. Tokyo na Yokohama mwaka 1923 zilipigwa karibu na saa sita mchana, watu wakiandaa chakula, na moto ukaua wengi kuliko kuta. Kwetu, nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la zimamoto halipiti hata siku ya amani. Anayepiga 114 kutoka ndani kabisa ya Tandale au Keko anajua kwamba gari litaishia barabara kubwa.

Barabara hizo kubwa nazo ni chache, na nyingi za kuelekea katikati ya jiji zinavuka maji au bonde. Barabara ya Morogoro, pamoja na njia ya mwendokasi, inapita Jangwani. Ali Hassan Mwinyi inavuka Salenda, na tangu 2022 kuna Daraja la Tanzanite. Kilwa Road inavuka Mtoni. Kigamboni inategemea Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, pantoni, au mzunguko wa Kongowe. Madaraja makubwa mapya yana nafasi nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu yamesanifiwa kwa uangalifu na nguzo zake zinaingia chini sana. Sehemu dhaifu ni maingilio yake: tuta la udongo linaloshuka nusu mita linatosha kuzuia gari la wagonjwa, hata kama daraja lenyewe halina mkwaruzo. Tena huhitaji daraja kuvunjika. Mvua ya saa tatu tu inafunga Jangwani.

Kuhusu watu wenyewe, jiji lina kumbukumbu mbili. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala, na Februari 16, 2011, ikawa Gongo la Mboto. Waliokuwapo wanakumbuka usiku ule wa Gongo la Mboto: watu wakitembea kwa miguu bila kujua waendako, watoto wakipotezana na wazazi, maelfu wakilala Uwanja wa Uhuru. Ile ilikuwa kona moja ya jiji, na kona nyingine zilibaki na taa, maji, hospitali na magari ya kusaidia. Tetemeko kubwa linaipiga kila kona kwa dakika ileile. Temeke haiwezi kuiazima Kinondoni gari la wagonjwa ambalo Kinondoni nayo inalihitaji.

Simu zitafanya kazi kwa dakika chache, kisha mtandao utajaa, kisha betri za minara zitaanza kuisha. Watu wengi hawafikirii hili kwa upande wa fedha. Mtu ambaye akiba yake yote iko kwenye simu ataamka asubuhi akiwa na salio asiloweza kulitoa, mbele ya muuza mkate anayetaka noti.

Chini ya zege

Mtu aliyefukiwa anaweza kuishi siku kadhaa, lakini nafasi yake hushuka sana baada ya siku ya kwanza. Kobe, Japani, Januari 17, 1995, walio wengi waliotolewa hai walitolewa na majirani na ndugu, kabla vikosi havijafika. Kariakoo 2024 ilikuwa hivyohivyo: wafanyabiashara na vijana wa pale ndio walioanza kufukua, wengine wakipitisha maji kwenye matundu kwa waliokwama. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na kazi ikachukua siku kadhaa huku serikali, jeshi na mitambo ya makandarasi vikielekezwa kwenye jengo moja. Zidisha jengo hilo mara hamsini, kisha gawanya mitambo hiyohiyo.

Jambo moja la kitabibu linafaa kujulikana na kila anayeweza kushika nyundo. Mguu uliobanwa na zege kwa saa nyingi hufa misuli, na misuli inayokufa hujaa potasiamu na uchafu mwingine. Zege likiinuliwa ghafla, damu inarudi na kuvisambaza mwilini. Mtu aliyekuwa anazungumza na waokoaji wake anaweza kufa kwa moyo kusimama ndani ya dakika chache, au figo zake zikafeli siku mbili baadaye. Waokoaji waliofunzwa humwekea dripu akiwa bado amebanwa, ndipo wainue. Baadaye wengi huhitaji mashine ya kusafisha damu, na Dar haina mashine za ziada zinazosubiri watu mia tatu waje siku moja. Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala hujaa wagonjwa hata Jumanne ya kawaida. Kama majengo ya hospitali yenyewe yatapasuka, wagonjwa wa wodini watakuwa wanatolewa nje wakati majeruhi wanaingizwa.

Bomba la Ruvu

Maji mengi ya Dar hutoka mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu, na husafiri makumi ya kilomita kwa bomba mpaka jijini. Bomba refu linalovuka udongo wa aina tofauti huvunjika pale aina mbili zinapokutana, kwa sababu upande mmoja husogea kuliko mwingine. Huvunjika pia kwenye maungio ya zamani na pale linapoingia kwenye tangi. Hata likibaki zima, pampu zinataka umeme, na mitambo ya umeme hujizima yenyewe ikihisi hitilafu. Kuwasha tena gridi ni kazi ya hatua kwa hatua, na mafundi lazima wakague kwanza mabomba ya gesi yanayokuja Ubungo na Kinyerezi kutoka Songosongo na Mtwara.

Siku mbili bila maji ya DAWASA, wakazi watarudi kwenye visima vya uani, ambavyo mara nyingi viko hatua chache kutoka choo cha shimo, na shimo lililopasuliwa na tetemeko halizuii tena kitu. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar na kuenea mikoa mingi bila tetemeko lolote. Kwa maoni yangu wiki ya pili inaweza kuwa na vifo vinavyozuilika vingi kuliko siku ya kwanza, na dawa za kutibu maji zinapaswa kuwa tayari kwenye kila kata kabla ya koleo na helmeti.

Bandari nayo ina tatizo lake. Gati hujengwa pembeni mwa maji, juu ya udongo uliojazwa, na Kobe ilipoteza sehemu kubwa ya bandari yake kwa namna hiyo. Ya Dar ikisimama, Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi zitajua ndani ya wiki, na petroli itaanza kupungua mpaka Tunduma.

Na bahari?

Baada ya 2020 wengi walikimbia ufukwe, nao hawakukosea kuwa na tahadhari. Kwa kawaida mawimbi makubwa ya tsunami huhitaji tetemeko la baharini la zaidi ya 7, linaloinua au kushusha sakafu ya bahari. La karibu 6 halifanyi hivyo, isipokuwa likiporomosha mteremko chini ya maji. Desemba 26, 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalichukua saa nyingi kufika kwetu na bado yaliua watu kadhaa waliokuwa wakiogelea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo inayotoa tahadhari, na kwa mawimbi ya mbali zipo saa za kutosha kuutoa umma ufukweni. Kwa yale ya karibu hakuna muda wa tangazo. Ukiwa Coco Beach, ukahisi mtikisiko mkali unaodumu zaidi ya nusu dakika, au ukaona maji yanarudi nyuma isivyo kawaida, panda juu kwa miguu. Usisubiri ujumbe, na gari liache, maana foleni ya pale unaijua.

Nani aseme nyumba ni salama?

Mambo mengine ni nafuu na hayahitaji mfadhili. Mkanda wa zege juu ya kuta zote huongeza sehemu ndogo tu ya gharama ya nyumba ya chini. Kubana ringi kwenye miisho ya nguzo ni suala la nondo chache na fundi aliyeelezwa sababu. Simtanki linaweza kufungwa leo jioni. Kwenye majengo yaliyopo, ningeanza na shule na hospitali, kisha vituo vya zimamoto, ambavyo vikianguka vinayafukia magari ya uokoaji. Cairo, Oktoba 12, 1992, tetemeko la 5.8 liliua zaidi ya watu 500, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliokanyagana wakitoka madarasani. Zoezi la dakika tano kwa muhula lingetosha kufundisha kwamba ndani ya ghorofa mtoto anaingia chini ya dawati, na kwamba aliye kwenye chumba cha chini, hatua mbili kutoka uwanjani, anatoka.

Kinachozungumzwa kidogo kabisa ni siku ya tatu. Tetemeko kubwa hufuatwa na mitetemo midogo kwa wiki na miezi, na kila mmoja unakuta nyumba iliyokwisha kulegea. Watu wa Bukoba walilala nje wakiogopa hilo. Dar watalala nje usiku mmoja, wa pili, kisha mvua itanyesha au mwenye nyumba atadai kodi, na watarudi ndani. California na New Zealand wana utaratibu: wahandisi waliosajiliwa mapema hutawanyika na kubandika karatasi mlangoni, kijani (siku hizi nyeupe kwa New Zealand) kwa kuingia, njano kwa kuingia na masharti, nyekundu kwa kutoingia. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, ina bodi za wahandisi na wakandarasi, na ina vyuo vinavyotoa wahitimu wa uhandisi kila mwaka. Orodha ya nani ataanza na mtaa gani inaweza kuandikwa bila bajeti kubwa.

Mpaka iwepo, mpangaji atabaki kusoma nyufa mwenyewe. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni lipu tu. Ufa unaopita kwenye tofali kwa umbo la herufi X ni ukuta uliosukumwa pande zote mbili. Ukuta huo ukiwa wa kugawa vyumba, jengo linaweza kuwa bado limesimama vizuri; ukiwa ndio uliobeba slabu au paa, usilale chini yake. Na ukiona X hiyo kwenye nguzo ya ghorofa ya chini, au zege limebanduka mpaka nondo na ringi zinaonekana, usirudi kuchukua hata simu.